Naombeni mbinu za kupiga gitaa la solo kwa spidi kubwa, muda sina

Kidole_cha_Nne (mtoa mada)
Wakuu heshima kwenu. Mimi ni kijana wa hapa Dar, najifunza gitaa. Bado niko chini ila kodi (zile noti zinazolia pamoja) za kawaida nazipata na skeli (ngazi za noti) mbili tatu nazijua. Shida yangu ni spidi. Nataka ile ya akina Yngwie Malmsteen, yule Mswidi wa gitaa la roki, noti zinamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Nikijaribu, mkono wa kulia unatangulia, wa kushoto unabaki nyuma, halafu nakakamaa mpaka begani. Nimeangalia video mpaka bando limekata. Kama kuna njia ya mkato naomba nielekezwe, muda wangu sio mrefu. Tusitukanane tafadhali.

Nyuzi Sita
Karibu mkuu. Kabla hujajibiwa: ni gitaa kavu au la umeme? Na "muda sio mrefu" ni mpaka lini, kuna nini huko?

Kidole_cha_Nne
Nafanyia mazoezi gitaa kavu, la kuazima. Muda ni mwisho wa mwezi, kuna jambo. Jambo lenyewe halihusiani na swali.

Kipanga wa Tandale
Jambo = demu. Uzi umefungwa. Mpelekee nauli mkuu, gitaa halijawahi kuoa mtu.

Nyuzi Sita
Haya, nikujibu ulichouliza. Pakua metronomu, ile programu ya kuhesabu mapigo, kwenye simu, za bure zimejaa. Weka mapigo 60 kwa dakika, piga noti nne kila pigo: piki (kile kiplastiki cha kupigia nyuzi) ishuke, ipande, ishuke, ipande, usiruke hata moja. Hapo unapata noti nne kwa sekunde, na utashangaa jinsi zinavyotoka chafu. Hao unaowaangalia wako kwenye 150 na zaidi, yaani noti kumi kwa sekunde. Kati ya hapo na pale ni miaka ya kujifungia chumbani, usidanganywe na mtu.

Piki iguse uzi kwa ncha tu, ikizama inakwama. Vidole vya kushoto visinyanyuke sana, kila ukinyanyua ni safari ya kurudi. Halafu usikimbize mstari mzima. Chukua noti sita, nyuzi mbili, tatu kila uzi. Zipige polepole mpaka kila moja isikike peke yake, kisha zirushe kwa mara moja, pumzika, legeza mkono, rudia. Ukihisi bega limepanda, simama hapohapo. Mkono uliokakamaa haujifunzi kitu isipokuwa kukakamaa, na ukilazimisha utaishia na mishipa ya kiwiko inayouma hata ukishika kikombe.

Jambo jingine, sio kila noti inapigwa kwa piki. Kidole cha kushoto kinaweza kuugonga uzi au kuuvuta ukalia wenyewe. Eddie Van Halen, mpiga gitaa wa roki wa Marekani, mwaka 1978 aliwachanganya watu kwa sababu alipandisha na mkono wa kulia juu ya shingo ya gitaa, akawa anagonga kwa mikono yote miwili. Ila hayo kwenye gitaa kavu lenye nyuzi nene ni mateso. Tafuta la umeme, seti ya nyuzi nyembamba inayoanzia 009, nyuzi zikae chini karibu na freti, vile vyuma vya shingoni.

Mzee wa Buguruni
Vijana mnahangaika na Wazungu wenye nywele ndefu wakati spidi ilikuwa hapa jirani. Diblo Dibala, mpiga solo wa Kisangani, Kongo, walimwita "Machine Gun", unadhani kwa nini? Kapita kwenye bendi ya Franco akiwa kijana mdogo, kaenda Paris kupiga na Kanda Bongo Man, na mpaka leo sebene lile ukiwekewa huwezi kukaa. Na kabla yake Dokta Nico, Mkongo mwingine. Na hapa kwetu Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz, baadaye Super Volcano, yule hakuwa na haja ya kukimbia, alikuwa anakuambia maneno kwa uzi mmoja. Ajali ya Mombasa mwaka 1979 ilituumiza sana.

Mimi nilianza na gitaa la debe, nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Nilipoingia bendi sikuruhusiwa kugusa solo. Nilibeba spika, nikasafisha jukwaa, nikapewa tumba siku mpigaji alipolewa, ndipo nikapanda kwenye ridhimu. Mpiga solo wetu alikuwa anajikunja na gitaa ili nisione vidole. Nikawa namuangalia kwenye kioo cha baa kilichokuwa nyuma yake. Baa yenyewe siku hizi ni duka la dawa. Yule bwana alikuja kumuoa dada wa mpiga besi, harusi ikavunja bendi, hiyo hadithi nitaleta siku nyingine.

Kipanga wa Tandale
Mzee lete sasa hivi, huyu wa spidi atasubiri.

Mama Ibra
Mwanangu una kazi? Nauliza hivyo kwa sababu kijana wangu alishikwa na kinanda namna hiyohiyo, akaacha chuo mwaka wa pili, sasa yuko ndani anatafuta "saundi". Saundi haiivi sufuriani. Muziki ni mzuri mtu akiwa na shughuli yake.

Nyuzi Sita
Mtoa mada, nimeandika gazeti zima na wewe kimya. Mwisho wa mwezi kuna nini?

Kidole_cha_Nne
Nilikuwa kazini mkuu. Asante, nimenakili yote. Sawa, niseme. Kuna bendi inapiga hotelini Zanzibar, upande wa Nungwi, mpiga solo wao kaondoka. Niliona tangazo, nikawatumia video WhatsApp, wakaipenda. Wameniambia mwisho wa mwezi nipande boti nianze. Kazini nimeshaaga. Mama, jibu ndiyo hilo, kazi ninayo mpaka Ijumaa.

Mama Ibra
Yesu na Maria.

Nyuzi Sita
Subiri kidogo. Kama walikuona unapiga kwenye video wakakupenda, spidi si unayo tayari? Hapa unatuomba nini?

Kipanga wa Tandale
😂😂 nimevuta kiti.

Fundi Spika
Swali zuri sana. Nangoja na mimi.

Nyuzi Sita
Naona jina lako liko hewani mkuu.

Kidole_cha_Nne
Video niliiongezea mwendo.

Nyuzi Sita
Kiasi gani?

Kidole_cha_Nne
Moja na nusu. Nilipiga kwa mapigo 80, ikatoka 120. Ila naomba mnielewe. Noti zote nilizipiga mwenyewe, kwa mpangilio uleule. Nilichobadilisha ni saa tu. Wasanii wote studio wananyooshewa sauti na hakuna anayewaita matapeli. Mabinti wanaweka filta na ndoa zinafungwa. Na kama mnapenda historia, Les Paul, huyohuyo mwenye jina kwenye magitaa, mwaka 1948 alitoa santuri ambazo gitaa limerekodiwa polepole halafu likakimbizwa. Anaitwa gwiji. Mimi naitwa nani?

Kipanga wa Tandale
Unaitwa usaili.

Ustadh Mtandaoni
Njia ya mwongo ni fupi, ndugu yangu. Hiyo riziki utakayoianza kwa hila itakutoka kwa hila. Wapigie simu leo waambie ukweli, ukikosa hiyo Mungu atafungua nyingine.

Kidole_cha_Nne
Ustadh nakuheshimu, ila nimeshaaga kazini. Ukweli nitauleta mwenyewe kwa vidole kabla ya siku yenyewe, ndiyo sababu niko hapa. Kutoka kama noti tano kwa sekunde mpaka nane, tofauti ni tatu tu.

Nyuzi Sita
Hizo tatu ndizo ghali mkuu. Na mapigo 80 safi kwa mtu aliyesema "niko chini" sio mabaya hata kidogo. Ungeituma vilevile.

Mla Ushahidi
Wakuu mnakunywa chai ya uongo na hata vitafunwa hamjaletewa. Nimepekua. (1) Juu kabisa kasema ana gitaa kavu la kuazima. Bendi gani ya hoteli imekubali mpiga solo wa gitaa kavu? (2) Video ikikimbizwa sauti inapanda, mtoto wa chekechea atajua. (3) Mtu huyuhuyu mwaka jana alifungua uzi kuomba ushauri wa kufuga kware, akasema yuko Singida. Huyu ni mtunzi. Anakusanya majibu aende kuandika hadithi.

Kipanga wa Tandale
Kware 😂😂😂 nakumbuka ule uzi! Wale kware walifia wapi?

Kidole_cha_Nne
Kware walikuwa wa shemeji. Singida nilikuwa nimeenda msibani. Na kwenye video nilipiga gitaa la umeme la studio ya jirani, nililipia saa moja. Nyumbani ndiyo kavu. Sijaona kinachogongana hapo.

Fundi Spika
Hoja ya pili naijibu mimi, ndiyo ugali wangu. Zamani za santuri na tepu ni kweli: ukikimbiza mara mbili, do inakuwa do ya juu yake, ndivyo Les Paul alivyokuwa anafanya, anapiga chini ili ikikimbizwa itue mahali pake. Ukikimbiza moja na nusu, do inakuwa so, na wanakwaya mnajua hapo wimbo umehama nyumba. Ila programu za siku hizi zinavuta mwendo na kuiacha sauti palepale. Kinachobaki ni ule mguso wa piki, unakuwa kama umepakwa mafuta. Kwenye spika ya simu hakuna mtu anausikia, labda mimi.

Kwa hiyo sauti haimsaliti. Kinachomsaliti ni mambo ya pembeni. Mtu akipita nyuma anatembea kama kuku aliyefukuzwa. Pazia linacheza vibaya. Macho yanapepesa haraka. Pangaboi linazunguka kama helikopta.

Kidole_cha_Nne
Pangaboi nilizima kwanza. Na kofia niliishusha.

Fundi Spika
Basi mimi nimeamini. Anayebuni hadithi hawazi pangaboi.

Mla Ushahidi
Au anawaza kwa sababu wewe umemtajia. Fundi umempa sura ya pili ya hadithi yake bure.

Fundi Spika
Kofia nimemtajia?

Mla Ushahidi
Umetaja macho. Kaleta kofia. Mtoa mada, weka hiyo video hapa yaishe.

Kidole_cha_Nne
Siwezi, wenye bendi wanaweza kuwa humu.

Mla Ushahidi
😂 Chai ya tangawizi.

Mzee wa Buguruni
Na mimi naongezea, zamani tuliwahi kumpokea mpiga tarumbeta aliyeletwa kwa barua nzuri kabisa. Alipofika akasema mdomo unauma. Ukauma mpaka mwisho wa msimu. Lakini alikuwa mchekeshaji, tukamwacha awe mtangazaji wa bendi. Kwa hiyo lolote linawezekana.

Mwana wa Pwani
Nimesoma toka juu nikabaki nashangaa hakuna aliyeuliza hotelini panapigwa nini. Mimi nimepiga besi kwenye mahoteli ya kule misimu kadhaa, kwa hiyo chai au sio chai nasema ninachojua. Unaanza jioni watu wanakula. Unapiga regge laini, rumba, zile nyimbo za Kiswahili ambazo kila mgeni kafundishwa kwenye ndege, na ule wa siku ya kuzaliwa, huo utaupiga mpaka uuote. Meneja anataka mgeni asikie kijiko chake. Ukimwaga noti kumi kwa sekunde anakuja mwenyewe kushusha sauti kwenye mikisa, sijui mara ngapi nimeona. Wanachokutafutia kosa ni vitu vingine: kuingia kwa wakati, kumfuata mwimbaji aliyehamisha funguo, yaani kapandisha au kushusha wimbo mzima, bila kuaga, kujua nyimbo nyingi, kuvumilia chumba kimoja na mpiga dramu anayekoroma. Umejifunza nyimbo ngapi?

Kidole_cha_Nne
Nyimbo kamili kamili bado. Nimejikita kwenye skeli.

Mwana wa Pwani
Ee Mola.

Nyuzi Sita
Basi badilisha mazoezi leo. Metronomu robo saa ya kuamkia, muda uliobaki wote nyimbo. Waombe orodha yao, hilo ni ombi la kawaida, hakuna atakayekushuku. Kila wimbo ujue kodi zake kwenye funguo tatu tofauti. Solo fupi, ya kuimbika.

Kidole_cha_Nne
Mkuu nakuelewa, ila kiongozi kwenye ujumbe wake aliandika "njoo na spidi hiyohiyo". Kwa hiyo spidi wanaihitaji. Nyimbo nitazishika hukohuko, sikio langu ni jepesi. Nilichoomba hapa ni kutoka 80 mpaka 120 na naona tumeenda mbali sana.

Mama Ibra
Hasikii huyu. Kama wangu.

Ustadh Mtandaoni
Na boti ya kurudi akate kabisa, itakuwa nafuu.

Mla Ushahidi
Sura ya tatu inakuja, mtaona. Atazama na boti.

Fundi Spika
Wakati mnabishana, nina amplifaya ya mazoezi, wati 15, distoshini (ile sauti ya kukwaruza ya roki) ipo ndani, spika haijachanika. Iko Kinondoni. Kwa atakayekwenda Zanzibar au atakayebaki. Bei inbox.

Kidole_cha_Nne
Ina tundu la hedifoni? Mwenye nyumba analalamika.

Fundi Spika
Ipo. Ila gitaa lako si kavu mkuu, utalichomeka wapi?

Kidole_cha_Nne
Hilo nalinunua Jumamosi. Nakuja inbox.