Je, biashara ya ngozi za dubu weupe ipigwe marufuku?

Kipepeo: Ndugu wanajamvi, naomba maoni yenu. Marekani iliomba biashara ya kimataifa ya ngozi za dubu weupe ipigwe marufuku kwenye mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, mwaka 2010, ikarudi na ombi hilohilo mwaka 2013, na mara zote mbili likaangushwa kwa kura. Dubu hawa wanakadiriwa kuwa 26,000 hivi, na takriban theluthi mbili yao wako Kanada, ambako wawindaji wenye uchu wa fedha bado wanaziuza ngozi hizo kihalali. Mtu mwenye huruma anawezaje kulitetea jambo hili?

Nahodha: Hoja yako ingesikilizwa kama usingeichafua kwa neno hilo la uchu. Hao unaowatukana ni Wainuit, wenyeji wa asili wa kaskazini ya mbali, na hata ule mkataba wa Oslo wa kuwahifadhi dubu hawa wa mwaka 1972, kama sikosei, uliziachia nafasi haki zao za jadi za kuwinda. Nyama wanaila, ngozi wanashonea mavazi au wanaiuza, wala mtu hajiendei kuwinda apendavyo, kwa sababu mgao wa kila eneo, yaani idadi ya dubu wanaoruhusiwa kuwindwa, umepangwa. Futa kauli hiyo kwanza, ndipo tujadiliane.

Kipepeo: Mkataba ni wa 1973. Kauli siifuti, kwani sikuwataja Wainuit popote. Namsema tajiri anayetoka mbali akalipia nafasi ya kumpiga dubu risasi ili akatundike ngozi ukutani kwake. Marekani ilipomtangaza dubu huyu kuwa kiumbe aliye hatarini mwaka 2008, raia wake walizuiwa kurudi nyumbani na ngozi hizo, na sioni kwa nini wengine wasifuate.

Nahodha: Ulisema "wawindaji", na Kanada wawindaji hao ni akina nani? Huyo tajiri naye hukatiwa nafasi yake kutoka mgao uleule wa kijiji, na anayemwongoza juu ya barafu ni Muinuit mwenye mbwa wake. Ukifunga soko, dubu atawindwa vilevile, ila mezani kwa mwindaji ndipo patakapopungua kitu.

Bint Bahari: Nimewafuatilia tangu mwanzo, na hakuna hata mmoja wenu aliyetaja kuyeyuka kwa barafu. Dubu huyu hujilaza kimya kando ya tundu dogo kwenye barafu, saa baada ya saa, akingoja sili, yule mnyama wa baharini, ajitokeze kuvuta pumzi, kisha humnyakua kwa pigo moja. Barafu ikiyeyuka mapema hana pa kujilaza, naye hushinda kiangazi kizima nchi kavu akiishi kwa mafuta ya mwilini, na mama mwenye watoto hukauka maziwa. Magharibi mwa Ghuba ya Hudson, huko Kanada, dubu walikadiriwa kuwa 842 mwaka 2016, na miaka mitano baadaye wakawa 618. Marufuku ya ngozi ingewafaa nini hao?

Nahodha: Waliofanya hesabu hiyo wenyewe walikiri kwamba huenda baadhi ya dubu walihamia maeneo ya jirani. Wazee wa Nunavut, eneo la Wainuit kaskazini mwa Kanada, nao wanasema dubu wamezidi karibu na vijiji vyao. Au macho ya mzee aliyezaliwa pale hayahesabiki mpaka mtaalamu apite na ndege?

Kipepeo: Hilo la "wamezidi" ndilo linalotolewa kila mgao unapotakiwa uongezwe.

Bint Bahari: Kaka Nahodha, macho ya wazee nayaheshimu, na ninaamini wanachokiona. Lakini dubu kuonekana kwa wingi kijijini si lazima awe ameongezeka. Tazama mji wa Churchill, kando ya ghuba hiyohiyo ya Hudson, ambako dubu hukusanyika pwani wakisubiri bahari igande, na wakingoja sana njaa huwaingiza mitaani. Kuna jengo maalumu la kuwazuilia waliokamatwa, na humo hupewa maji bila chakula, wasije wakazoea kula kwa binadamu. Wengine hulazwa kwa dawa, wakafungwa kwenye wavu chini ya helikopta na kupelekwa mbali na mji. Mwenye kuhesabu mitaani atasema wamezidi, na hatakuwa amesema uongo, lakini dubu huyo anaposhushwa na kuzinduka, bado anaingoja bahari ileile igande.