Naomba ushauri: kifuniko cha kalamu ya wino nimekifungua, kukirudisha kumenishinda

Habari wakuu. Nina Parker 51 ya marehemu babu, ile ya kifuniko cha chuma. Wino ulikuwa umegandia ndani, nikajitia ufundi: nikafungua kile kishanga cha juu, klipu ikachomoka, nikaloweka kifuniko kwenye maji ya uvuguvugu na tone la sabuni. Uchafu uliotoka, jamani, kama nafua kaniki.

Shida imeanza kwenye kurudisha. Nimepanga klipu, nikakaza kishanga kwa vidole mpaka mwisho, lakini klipu bado inazunguka kushoto kulia. Kukaza kwa koleo naogopa, kishanga ni plastiki ya zamani, kikipasuka nitalia.

La pili ndilo linaniumiza kichwa. Nikiweka mdomo kwenye kifuniko na kupuliza, nahisi hewa inatokea juu, usawa wa klipu. Zamani kalamu ikilala usiku kucha, asubuhi inaandika mara moja. Sasa nibu (ncha ya kuandikia) inakauka, mpaka niichovye kwenye maji. Nahisi kile kikombe kidogo cha ndani ya kifuniko, kinachozuia nibu isikauke, hakijakaa sawa, ila sijui nakisukuma na nini bila kukwaruza zile springi za pete zinazokamata mwili wa kalamu.

Fundi saa wa mtaani kaniambia nitie supagluu kwenye nyuzi za kishanga. Moyo umekataa, maana siku ya kufungua tena itakuwaje?

Aliyewahi kuifungua, anaanza na kipi? Na hiyo hewa ni kawaida au nimeharibu?