Dawa ya kuzuia maji kwenye grauti: kwa nini ya kopo la presha inabana kifua?

fundi_grauti: Wakuu, dawa ya kuzuia maji kwenye grauti ya bafuni (ile ya kujazia kati ya vigae) inauzwa kwa namna mbili, chupa ya kubonyeza kwa kidole na kopo la presha. Ya chupa haina malalamiko. Ya kopo, haipiti saa moja mpuliziaji ana kikohozi kikavu, kifua kinabana, usiku homa na kutetemeka. Viambato vinafanana. Tofauti iko wapi? Na barakoa ya kawaida inatosha?

mkemia_wa_rangi: Tazama matone. Chupa ya kubonyeza hutoa matone makubwa yanayoanguka au kunaswa puani na kooni. Gesi ya kopo huyapasua yakawa ukungu, na yaliyo chini ya mikroni 10 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) hufika ndani kabisa, kwenye vifuko vya hewa. Vifuko hivyo vina utando mwembamba wa mafuta unaovizuia visisinyae. Dawa hizi nyingi zina polima za florini, na kazi yake ni kutandaa juu ya kitu na kufukuza maji. Zikifika pale zinauvuruga utando huo, vifuko vinasinyaa, maji yanavuja ndani.

Ujerumani walijifunza hilo Machi 2006. Dawa ya vioo na vigae iitwayo Magic Nano ilipotoka kwenye makopo ya presha, watu wapatao 100 waliugua ndani ya siku chache, 6 wakalazwa mapafu yakiwa na maji. Ya chupa ya pampu ilikuwa sokoni kabla ya hapo bila kisa kama hicho. Jina liliwatisha watu kuhusu chembe za nano, yaani chembe ndogo mno, lakini vipimo havikuzikuta.

Kwa hiyo grauti pakaa kwa brashi ndogo au sponji, ziada ifute kabla haijakauka. Bafu la mita 2 kwa 2 halisafishwi hewa na kidirisha kimoja. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii kitu hapa. Inayofaa ni ya mpira yenye kichujio cha mkaa kwa mvuke pamoja na cha chembe, yenye alama A2P3, na ndevu zinyolewe, la sivyo hewa inapita pembeni.

nesi_wa_zamu: Naongeza upande wa mgonjwa. Mtoeni nje, avue nguo zenye dawa, apumzike, asibebe kitu. Maziwa hayasaidii, yanaenda tumboni, sumu iko kifuani. Akihema haraka, midomo ikibadilika rangi, au oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni, ikishuka chini ya asilimia 94, hospitali mara moja, na kopo mkalibebe. Bila kopo daktari ataona homa na baridi afikirie malaria, au aone picha ya kifua yenye ukungu pande zote mbili aandike nimonia. Dawa maalumu ya kuondoa sumu hii hakuna: ni oksijeni, dawa ya kupanua njia za hewa, na kumwangalia usiku kucha, kwa sababu hali inaweza kuzidi saa kadhaa baadaye. Wengi hupona ndani ya siku chache.

Na sigara, tafadhali! Polima iliyobaki vidoleni ikiungua kwenye moto wa sigara hutoa moshi wenye sumu. Mikono ioshwe kwa sabuni kwanza.

fundi_grauti: Nimeelewa. Makopo yaliyobaki je?

mkemia_wa_rangi: Yatumie uwanjani tu, upepo ukiwa mgongoni, watoto wakiwa mbali, au uyarudishe dukani. Usiyatoboe wala kuyachoma.