Naomba ushauri: ujumbe wa kikundi unapotea ukivuka ruta

Salaam ndugu zangu. Nasimamia mtandao wa ofisi zetu tatu za klaringi hapa Mombasa: Kilindini, Changamwe na Nyali. Taarifa za makontena hutumwa kwa maltikasti (ujumbe mmoja kwenda kwa kikundi cha kompyuta kwa pamoja), anwani 239.1.1.5. Kilindini zilikuwa zinafika, kwingine kimya. Kumbe TTL (hesabu inayopungua kila ujumbe ukifika ruta; ikiisha, unatupwa) ilikuwa 1! Nikaipandisha hadi 16, nikawasha PIM (itifaki ya kupitisha maltikasti) kwenye ruta.

Sasa zinafika, ila UDP, itifaki inayobeba jumbe hizi, haihakikishi kwamba zitafika. Jana Changamwe ilikosa jumbe 7, dereva akapelekwa geti lisilo lake, matusi nikala mimi. Kila kompyuta ikijibu “nimepata”, naogopa mtumaji atafurikwa.

Je, wapokeaji walalamike tu wakiona namba ya ujumbe imerukwa? Na nakala za kutuma tena jumbe zilizopotea zikae kwa mtumaji, au kwenye seva ndogo kila tawi?