Babu anaitwa mchawi, naogopa watamuua. Nifanyeje?

Mjukuu wa Ganze: Habari zenu. Babu yangu ni mjane, amepita miaka 70, anaishi Ganze, Kilifi. Mimi kibarua changu kiko Mombasa. Tangu mtoto wa binamu yangu afariki kwa homa, wanasema babu ndiye aliyemroga. Kitambulisho chake anacho ami, na zile shilingi 2,000 za kila mwezi za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee, babu hazioni. Nikimpigia, anajibu "sijambo" tu, ami yuko karibu. Juzi kanong'ona kwamba siku hizi analala kwa jirani. Ukoo unataka apelekwe kwa mganga akale kiapo. Nikienda polisi, si nitakuwa nimewauza ndugu zangu?

Mama Wawili: Pole sana, mwanangu. Mzee haachi kitanda chake hivi hivi. Kuna neno ameambiwa na hajathubutu kukwambia. Mtoe kwanza. Huko huko Ganze kuna Kaya Godoma, wazee waliotishiwa kuuawa hukimbilia pale wakahifadhiwa.

Shambani: Polisi baadaye. Kaeni kikao cha ukoo, mambo ya nyumbani humalizwa nyumbani.

Mama Wawili: Kikao kipi, ndugu yangu? Si hicho hicho kinachomtaka ale kiapo?

Kusi: Mjukuu, kwetu Kilifi nimezika wazee kwa maneno haya: uchawi uko mdomoni, shamba liko moyoni. Shamba la babu lina hati? Iko kwa nani? Nani ametaka kuliuza? Ukijibu hayo utajua kwa nini babu anasingiziwa kifo cha yule mtoto. Na ndugu hujawauza. Sheria ya Uchawi, ya tangu 1925, inamtia hatiani anayemwita mwenzake mchawi, ila akipeleka shutuma hiyo kwa chifu au polisi. Katiba nayo, ibara ya 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa. Ripoti kituoni, usitoke bila namba ya OB, kile kitabu cha matukio cha polisi.

Mjukuu wa Ganze: Hati iko kwa ami. Mwaka jana alileta mnunuzi, babu akakataa.

Kusi: Basi ndiyo hiyo. Ukienda kumtoa babu, usiende peke yako, na usimwambie ami kwamba unakuja. Babu akishakuwa salama, mfuatane ofisi ya ardhi muulizie zuio kabla shamba halijauzwa, kisha kwa afisa wa maendeleo ya jamii mdai kitambulisho.

Mama Wawili: Na dawa zake za presha, kama anatumia, usizisahau.