Huduma ikiwaka kabla ya mtandao: isubiri, iwashwe upya au ijaribu yenyewe?

seva_ya_Tanga: Wakuu, umeme ukirudi, seva yetu ya Debian 12 (aina ya Linux) inawaka haraka kuliko ruta. Hifadhidata iko mashine nyingine, na kila huduma inafanya lake: moja inakufa, nyingine inaganda, nyingine inasubiri vizuri tu. Nataka zote ziwe na tabia moja. Kwenye faili la huduma la systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma), niweke After=network.target ianze baada ya mtandao, nitegemee Restart= iwashwe upya, au niwabane watu wa programu?

kijana_wa_logi: Tumia network-online.target. Weka After= na Wants=, kalale.

BiZena: Asilale bado. network.target inasema tu kwamba programu ya kusimamia mtandao imeshaanza, basi. network-online.target inasubiri kweli, ila inaangalia mashine yako, haijui kama hifadhidata inafikika. Kwa systemd-networkd (msimamizi wa mtandao wa systemd), kusubiri kwenyewe kunaishia sekunde 120, halafu huduma inawashwa hivyo hivyo kwa sababu Wants= ni ombi tu, si sharti. Na waya ukichomoka saa nane mchana, hiyo target haina habari na wewe.

Restart=on-failure (iwashwe upya ikifa kwa hitilafu) ni nafuu, lakini ina mtego. Usipoweka RestartSec, inangoja milisekunde 100 tu, na kikomo ni kuwashwa mara 5 ndani ya sekunde 10. Ruta haijamaliza kuwaka, huduma imeshamaliza nafasi zake, inabaki chini mpaka mtu aje. Weka RestartSec=15, kikomo hutakifikia.

seva_ya_Tanga: Na ile inayoganda?

BiZena: Hiyo systemd inaiona nzima, maana haijafa. Wabane tu watu wa programu. Kuunganisha kuwe na ukomo wa muda; ikishindwa, ingoje sekunde 1, 2, 4 mpaka 60, na muda uchezecheze kidogo ili huduma zote zisiivamie hifadhidata kwa mkupuo. Msimbo huo huo ufanye kazi wakati wa kuwaka na mtandao ukikatika katikati. Ila nenosiri likikataliwa, ife na iseme kwenye logi. Hapo kungoja ni kuficha tatizo.

kijana_wa_logi: Sawa dada. Na programu ya kununua, msimbo huna?

BiZena: Hiyo ibaki na Restart=. Kuanzia systemd 254 kuna RestartSteps na RestartMaxDelaySec, muda wa kungoja unapanda wenyewe. Debian 12 ina systemd 252, kwa hiyo mkuu abaki na sekunde 15 zake mpaka ahamie Debian 13.