Baa zikifungwa saa 5 usiku, muuza chipsi wa Kigoma aende wapi?

Jiko la Mwanga: Wakubwa shikamooni, wadogo habari zenu. Sheria ya Vileo ni ya mwaka 1968, na siku za kazi inataka baa ifunguliwe saa 10 jioni, ifungwe saa 5 usiku. Sawa. Lakini mimi siuzi pombe. Nauza chipsi mayai na mishkaki nje ya baa hapa Mwanga, na wateja wangu huanza kusikia njaa saa 4 na nusu. Doria ikipita, baa inazima muziki, na mimi naambiwa nizime jiko. Viazi vimeshamenywa, mafuta yamechemka, kijana wa kachumbari anangoja posho yake. Sheria ya chupa inanikamataje mimi mwenye karai?

Mkazi wa Gungu: Pole, lakini sisi wenye watoto tulale saa ngapi? Spika zinapigwa mpaka madirisha yanatetemeka. Mimi hiyo saa 5 yenyewe naiona mbali. Na tuseme ukweli, wanaokesha huko ni wavuvi wa Kibirizi. Hela ya dagaa haifiki nyumbani. Wakibanwa hao, mji utatulia.

Binti Kibirizi: Kaka wa Gungu, hapo umetukosea adabu. Mume wangu ni mvuvi, hela inafika na watoto wanasoma. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu ndipo wavuvi wanapumzika. Mtu aliyezoea kukesha ziwani unataka alale saa 2 kama karani? Siku zake hizo chache za mbalamwezi akikaa na wenzake, unamhesabia dhambi.

Mkazi wa Gungu: Sijasema wote, dada.

Binti Kibirizi: Umesema "wavuvi wa Kibirizi". Panda juu usome ulichoandika.

Boda wa Stesheni: Jamani, tumjibu mwenye jiko. Treni ikichelewa, abiria anashuka usiku mkubwa, ana mtoto na mizigo, anatafuta chakula anakuta giza tupu. Nampakia na njaa yake. Kariakoo wamezindua biashara ya saa 24 mwaka 2025, huku kwetu kukaanga viazi imekuwa kosa?

Mzee wa Ujiji: Wanangu, pombe ukiiachia kamba haina mwisho. Mmesahau viroba, ile pombe kali ya vipakiti? Vilipopigwa marufuku 2016 watu walilia biashara zimekufa. Nani alikufa njaa?

Duka la Uchochoroni: Ni Machi 1, 2017, mzee wangu, agizo la Waziri Mkuu Majaliwa. Na wapo waliozama. Mtu ana katoni stoo, kazinunua kwa mkopo, muda wa kuzimaliza hana. Usiseme hakuna aliyeumia.

Mzee wa Ujiji: Tarehe si hoja. Vijana walikuwa wanavinyonya asubuhi kabla ya chai. Nimezika watoto wa majirani zangu. Mtaji unatafutwa tena, hao siwapati.

Jiko la Mwanga: Mzee, shikamoo, na poleni kwa misiba. Viroba sikuuza na pombe siitetei. Naomba mtu mmoja tu anionyeshe kifungu kinachozima chipsi. Leseni ya kileo inamhusu anayeuza kileo.

Mkazi wa Gungu: Wewe ndiye unayewakalisha. Baa ikifungwa wanahamia kwenye mabenchi yako na chupa zao.

Jiko la Mwanga: Akamatwe mwenye chupa! Benchi limefanya nini? Na kelele ni za spika. Karai langu limemwamsha mtoto wa nani?

Nahodha wa Katonga: Nilikuwa nasoma kimya mpaka tulipotajwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa, tusivue, Mei 15 hadi Agosti 15. Tulitii, samaki wazaliane. Burundi, Kongo na Zambia nao wamo kwenye makubaliano hayo. Miezi mitatu hiyo wavuvi hawakuwa na hela ya kukesha nayo. Mwenye jiko atwambie aliuza nini.

Jiko la Mwanga: Kidogo mno, nahodha. Kijana wa kachumbari nilimrudisha kwao.

Binti Kibirizi: Umesikia, kaka wa Gungu? Hao unaowaita walevi ndio wanaozungusha hela mjini.

Mkazi wa Gungu: Mimi nakula jasho langu, sili dagaa wa mtu.

Boda wa Stesheni: Huli dagaa, na uko Kigoma? Wewe si mwenzetu.

Mkazi wa Gungu: Tusitukanane. Nimeongelea usingizi wa wanangu, na hakuna aliyenijibu.

Mzee wa Ujiji: Kufunga ziwa kulikuwa na faida. Walioanza kuvua Agosti walikuta dagaa.

Nahodha wa Katonga: Mzee, kwa heshima zote, wewe ulikuwa mwaloni Agosti? Mkopo wa nyavu haukusimama hiyo miezi mitatu, riba ilitembea kila wiki. Kama wanataka kufunga tena, waje kwanza Katonga na Kibirizi watukalishe chini, watwambie mvuvi atalipa na nini.